Zamu za Mashine, Kuanzia Handeni

Vijana wa kituo, siku mliyoniaga mliniambia kwamba keki mtaila wenyewe, lakini mimi niwaachie maandishi. Keki mmeila kweli. Maandishi haya hapa.

Nitaruka habari za vyeo na mishahara. Hazikuwa na urefu wa kusimuliwa. Nitaandika juu ya jambo moja nililolifanya maisha yangu yote ya kazi, nalo ni kuamua mashine ifanye kazi ya nani kwanza na ya nani baadaye. Siku hizi jambo hilo lina majina makubwa, na ninyi mnayajua kuliko mimi. Sisi tuliliita zamu. Na kila zamu ina mtu wake anayeingoja. Mbele huko mtakutana na Bi Mwanaidi wa Mashewa, aliyekaa kwenye benchi la hospitali akikohoa, wakati picha ya kifua chake imelala kwenye foleni yetu na basi lake linakaribia kuondoka. Habari yake ndiyo mliyoniomba. Lakini sikuzaliwa ndani ya chumba cha kompyuta, kwa hiyo nivumilieni nianzie Handeni.

Mama alikuwa na mimba yangu bendera ya uhuru ilipopandishwa, na alipenda kusema kwamba nilianza kucheza tumboni ngoma zilipopigwa. Nilipomaliza kidato cha nne, vijiji vyetu vilikuwa bado vinalima mashamba ya pamoja, kila mtu alikuwa Ndugu, na wilaya ilikuwa na kituo kidogo cha matrekta ya kuvilimia vijiji hivyo. Nikapelekwa huko niwe karani wa zamu. Nilifika asubuhi nimevaa viatu vyeupe alivyoniazima shangazi. Mkuu wa kituo, Mzee Mhina, alikuwa chini ya trekta. Miguu yake tu ndiyo ilionekana. Akageuza kichwa, akavitazama viatu.

"Binti, hivyo vimekuja kazini au vinapita kwenda harusini?"

"Vimekuja kazini, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi viage weupe wao."

Akanionyesha vifaa vyangu: ubao mweusi, chaki, na misumari ya kutundikia funguo za matrekta. Aliye na ufunguo ndiye mwenye zamu. Nimetumia vifaa vingi tangu siku ile, vingine vya thamani kubwa kuliko nyumba yangu, lakini sijapata kingine kilichoonyesha hali ya kazi kwa kutupiwa jicho moja kama misumari ile.

Vijiji viliomba trekta kwa mdomo. Mwenyekiti alikuja, akaeleza shamba lake, nami nikaandika ubaoni. Kanuni tuliyoletewa kutoka juu ilikuwa rahisi: mashamba mepesi yaanze, ili vijiji vingi viwahi kupanda kabla mvua haijapita. Ilikuwa kanuni nzuri. Haukupita msimu mmoja, wilaya nzima haikuwa tena na shamba zito.

Namkumbuka mwenyekiti wa kijiji kimoja cha Mazingara, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Alisimama mbele ya ubao wangu amekunja mikono.

"Ndugu Karani, letu ni jepesi. Jepesi kama uji."

Mzee Mhina alikuwa pembeni ananawa mikono kwa mafuta ya taa. "Uji wa nani, Ndugu Mwenyekiti? Maana kuna uji wa mgonjwa, na kuna ule anaoupika mke wangu akiwa amekasirika."

"Wa mgonjwa, mzee. Wa mgonjwa kabisa."

"Visiki?"

"Visiki hakuna. Labda mizizi kidogo ya miti aliyoikata babu."

"Babu alikata miti mingi?"

"Alikuwa mtu wa bidii," mwenyekiti akasema, na hata dereva akageuka ukutani kucheka.

Mzee Mhina hakubishana. Alinipandisha kwenye tela pamoja na pipa la dizeli, tukaenda Mazingara. Kufika shambani akamwambia dereva, "Lima mstari mmoja, halafu simama." Trekta likaenda, plau ikaguna ardhini kama mtu anayetafuna mifupa. Mzee alisikiliza injini, akautazama moshi, kisha akainama na kupitisha kidole kwenye ukingo wa sahani za plau, zile duara za chuma zinazokata udongo. Akaniita.

"Binti, usiniambie shamba ni kubwa au dogo. Mtu anaweza kuwa mdogo na akala sufuria zima. Niambie linakula nini. Hili linakula sahani. Lile la bondeni, la udongo mweusi, linakula dizeli. La kule mpakani linakula njia tu, safari ndiyo ndefu. Ukipeleka matrekta mawili kwenye mashamba mawili yanayokula sahani, wiki itaisha na sahani zetu za akiba zitakwisha nazo. Lakini hili na lile la bondeni yanaweza kulimwa siku moja wala yasigombane."

Nikafuta ubao, nikauandika upya kwa namna hiyo. Mazingara haikuwa ya kwanza, na haikuwa ya mwisho.

"Kwa hiyo tumekosa?" mwenyekiti aliuliza.

"Hamjakosa. Mmepangwa."

"Basi nimedanganya bure."

"Si bure, Ndugu. Umetuchekesha, na kicheko ni adimu kuliko dizeli."

Njiani tukirudi nilisema yule mtu ni mwongo. Mzee Mhina akasema kwamba mtu mwenye kijiji kizima nyuma yake, mbegu ziko ndani na mawingu yanapita, atakuambia lolote unalotaka kusikia. Kama hutaki uongo, usiulize swali ambalo mtu akilijibu kwa uongo anafaidika. Tazama mwenyewe. Nimeishi juu ya maneno hayo, na ninamshukuru kila ninapoyakumbuka.

Matrekta hayakudumu. Vipuri viliadimika, yakafa moja baada ya jingine, na kuku wa mlinzi wakatagia chini ya la mwisho. Nikahamia Korogwe, kwenye shamba la mkonge, nikapewa zamu za korona, mashine ile inayokwangua majani ya mkonge mpaka ibaki singa, yaani nyuzi zake. Jani la mkonge likishakatwa halisubiri. Likikauka, singa inashikamana na nyama ya jani na kazi ya mkataji imepotea. Hapo nilijifunza upande wa pili wa zamu. Mzee Mhina alinifundisha kuuliza kazi inakula nini. Korona ilinifundisha kuuliza kazi inaweza kusubiri mpaka lini.

Huko ndiko nilikokutana na Petro, mjukuu wa manamba aliyeletwa kukata mkonge kutoka mbali akaishia kuzikwa hapa. Petro alikuwa fundi wa umeme mwenye mdomo na subira, vitu visivyokaa pamoja mara nyingi. Kompyuta ya kwanza ya ofisi ilipoletwa, ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kukifunua ila yeye. Alinifundisha kila siku baada ya chakula cha mchana. Nilipoogopa kubonyeza kitufe alisema, "Zubeda, haing'ati. Korona ndiyo inayong'ata, na ile huiogopi." Sikuwa na darasa jingine la kompyuta kwa miaka mingi, na sikujuta.

Miaka ikaenda, nchi ikabadilika, Ndugu wakawa Waheshimiwa. Petro akapewa kazi ya kuanzisha kituo hiki mnachokijua: mashine chache zenye nguvu ndani ya chumba kimoja chenye baridi, zinazotumiwa kwa ushirika na hospitali, mashamba ya mkonge, watu wa maji na chuo. Hakuna kati yao aliyeweza kununua mashine za kwake. Petro akaniita. "Nina mashine chache na wenye shida wengi," akasema. "Nikakukumbuka wewe."

Mwanzoni kila aliyetuma kazi alitakiwa kusema mwenyewe kama ni ndogo au kubwa, ya haraka au ya kusubiri. Mmeshajua kilichotokea. Kazi zote zilikuwa ndogo, na zote zilikuwa za haraka. Nilikaa mbele ya skrini nikaiona Mazingara yote imejipanga, nikacheka peke yangu mpaka Petro akaja kuuliza kuna nini.

Kazi zenyewe zilikuwa zinagombana. Mashine moja ilipewa kazi mbili zinazotaka kumbukumbu nyingi, ile nafasi ya mashine ya kufanyia kazi, zikanyang'anyana mpaka zote mbili zikakwama, wakati mashine ya jirani inapiga hesabu nyepesi na kumbukumbu yake iko wazi kama uwanja wa mpira Jumatatu. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tuliwafungia pamoja kila siku. Na watu nao wakaanza kuja wenyewe kuomba kusogezwa. Walikuja na salamu, na salamu zilikuja na machungwa ya Handeni. Hapo ndipo mimi na Petro tulipoandika ile kanuni iliyoko mlangoni: mkono hauingii kwenye foleni. Tulirudisha machungwa. Yalikuwa matamu, nilionja moja.

Kisha akaja Neema. Wengi wenu mnamfahamu akiwa mkubwa wenu. Mimi nilimpokea akiwa ametoka chuoni, binti wa Mombo ambaye mama yake anauza chakula kwa abiria wa mabasi pale chini ya milima. Alinitazama nikihangaika na foleni, akavuta kiti.

"Bi Zubeda, tusiwaulize tena. Tuiache mashine iitazame kazi inavyoanza, halafu ibashiri yenyewe ni ya aina gani."

"Itazame nini?"

"Mwanzo wake tu. Inachukua kumbukumbu kiasi gani, inasoma diski mara ngapi, inapiga hesabu au inakaa kungoja."

"Na itajuaje maana yake?"

"Kwa mifano. Wewe unazijua kazi hizi kama mama anavyojua vilio vya wanawe. Nitakuonyesha kazi zilizokwisha kupita, wewe utaniambia hii ni aina gani, na hii, na hii. Mashine itatafuta yenyewe kinachozifananisha. Tutaendelea mpaka kuchoka."

"Nani atachoka, mashine au mimi?"

"Wewe, Bi Zubeda. Yenyewe haichoki."

Sikumwambia, lakini moyoni nilikuwa nimesimama tena kwenye shamba la Mazingara, trekta limelima mstari mmoja na limesimama. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Tulifanya kazi hiyo msimu mzima wa masika, mvua ikipiga bati. Niliweka alama kwenye kila mfano: hii inakula kumbukumbu, hii inakula diski, hii inakula hesabu. Tukaongeza alama nyingine mbili, kwa sababu ya somo la korona. Kazi ndogo ambayo kuna mtu anaingoja tuliiita ya kusubiriwa. Mzigo mkubwa usio na mtu nyuma yake, kama makabrasha ya zamani ambayo shamba la mkonge lilikuwa linayapiga picha na kuyahifadhi, tuliuita wa jioni. Siku za mwanzo mashine ilikuwa kama mkwe mgeni anayemwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto. Kila kitu kwake kilikuwa cha kula kumbukumbu. Neema akaongeza mifano, nami nikaongeza miwani. Polepole ikaanza kubashiri kama mimi, na mara nyingine kabla yangu. Ikawa inaweka kazi inayokula kumbukumbu pembeni ya ile inayokula hesabu, zikalala chumba kimoja kwa amani. Watu wa maji walipiga simu kuuliza kama tumenunua mashine mpya. Petro akawajibu kwamba tumeinunulia ya zamani akili.

Hayo ndiyo mafanikio, na mafanikio hayasimuliki kwa muda mrefu. Sasa niwaambie habari ya Bi Mwanaidi.

Ilikuwa kiangazi, mahindi yameshavunwa, siku ya gulio. Hospitali ilikuwa inatuletea picha za vifua kwa mtandao. Programu yetu ilizisoma na kuweka alama palipo na kivuli cha kutilia shaka, halafu daktari, ambaye alikuwa mmoja tu, alianza na zile zenye alama. Mwenye alama aliambiwa siku ileile na kuanza kushughulikiwa. Anayeambiwa arudi wiki ijayo, ninyi ni watu wa huku, mnajua: nauli, mbuzi na wajukuu vitamzuia.

Simu ikalia. Alikuwa Rehema, mpiga picha wa hospitali.

"Shikamoo, Bi Zubeda."

"Marahaba, mama. Habari za huko?"

"Si nzuri. Picha zangu hazijarudi hata moja, na benchi limejaa mpaka nje. Kuna mama wa Mashewa hapa, Bi Mwanaidi, kikohozi chake sikipendi. Analala chumba kimoja na wajukuu zake. Basi lao linaondoka mchana huu. Akienda bila jibu hatarudi, namjua, ni mtu wa mashamba. Na wale watoto wataendelea kuvuta pumzi yake."

Neema alikuwa ameshafungua foleni. Picha zote za hospitali zilikuwa zimekaa mwisho kabisa, kwenye mizigo ya jioni.

"Imeziona kuwa makabrasha," akasema kwa sauti ndogo. "Mbona zamani haikukosea?"

Petro akaja akasimama mlangoni, kichwa chake kimegusa ile karatasi ya kanuni. Neema alishaweka mkono kwenye kibodi. "Nizivute mbele?"

Petro akageuka akaisoma ile karatasi. Mtu wa nje angeshangaa tulikuwa tunafikiri nini. Lakini Petro alikuwa anayajua machungwa.

"Kanuni ni yako na yangu, Zubeda," akasema. "Tukiivunja leo kwa ajili ya kifua, kesho watakuja na ng'ombe, keshokutwa na harusi. Na kila mmoja atasema wake ndio kifua."

"Nipe nafasi niende hospitali."

"Na basi likitaka kuondoka?"

"Nitaingiza mkono mwenyewe, na wewe utanifukuza."

"Nitakufukuza vizuri," Petro akasema. "Nenda basi."

Hospitali ni karibu, lakini siku hiyo barabara iliongezeka urefu. Sokoni watu walikuwa tele, na basi la Mashewa lilikuwa limesimama kwenye kivuli, utingo anapandisha magunia juu. Nilipita nikilitazama kama mtu anavyomtazama mgomvi wake.

Bi Mwanaidi nilimtambua kabla sijaonyeshwa. Alikaa mwisho wa benchi, mbali kidogo na wengine, upindo wa khanga mdomoni. Alikuwa mkubwa kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa zamu."

"Zamu ya nani?"

"Yako."

Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Basi umechelewa."

Niliingia chumba cha picha nikasimama ukutani nikatazama. Mgonjwa mmoja akavua shati, akasimama, Rehema akamwambia, "Vuta pumzi, ibane, usiachie." Picha. Akavaa, akatoka, akaingia mwingine. Nikangoja Rehema aitume. Hakuituma. Aliiweka kwenye kompyuta yake pamoja na nyingine.

"Mbona huzitumi?"

"Si mlituambia nyinyi? Mlisema mtandao wetu mwembamba, tukusanye kwanza, tuzitume zote kwa pamoja."

Ilikuwa kweli. Tulimwambia hivyo sisi, tena kwa adabu, kabla mashine haijaanza kujifunza, na ushauri ulikuwa mzuri kwa wakati wake. Wakati wa masika Rehema alikuwa anatuletea picha mbili tatu. Zilifika kama kifurushi kidogo, mashine ikazitambua. Leo zilikuwa zimefika gunia zima kwa pigo moja. Kwa jicho la mashine, hospitali ilikuwa imemwaga makabrasha.

"Tafuta ya Bi Mwanaidi," nikamwambia. "Itume upya, peke yake."

"Peke yake?"

"Kama alivyokuja yeye."

Rehema akaituma. Nikampigia Neema, nikamwambia asiguse kitu, atazame tu. Nilisikia pumzi yake kwenye simu.

"Imeingia. Inaitazama... Ya kusubiriwa. Bi Zubeda, imeiweka mbele yenyewe."

Nyuma yake nikasikia sauti ya Petro: "Nani ameigusa?"

"Hakuna mtu, mzee. Imejiweka."

Rehema akaanza kuzituma nyingine, moja, kisha moja. Ya Bi Mwanaidi ikarudi ya kwanza, na upande wa juu wa pafu la kulia palikuwa na alama. Daktari akamwita. Nje, basi lilianza kupiga honi.

Bi Mwanaidi alipotoka alikuwa ameshika kikopo cha makohozi na amevaa barakoa, khanga imemtelemka begani. "Daktari anasema nibaki leo, wanipime vizuri na dawa nianzie hapa." Akageuza uso upande wa honi. "Kumbe mmenikimbizia jibu ili nisikose basi, na jibu lenyewe ndilo limenikosesha."

Hakusema kwa hasira. Kisha akakumbuka jambo, na hapo ndipo nilipoona hofu usoni kwake.

"Wale watoto watalala kwenye kitanda changu."

Rehema alishatoka mbio. Alimwahi utingo mlangoni mwa basi, na ujumbe ulikwenda Mashewa kwa mdomo, kama ulivyokwenda siku zote: wajukuu wakalale kwa shangazi yao, madirisha ya chumba cha bibi yafunguliwe, na kuku wafungiwe. Habari ya kuku aliiongeza Bi Mwanaidi mwenyewe, akipaza sauti kutoka kwenye benchi mpaka akakohoa.

Jioni Neema alikuwa bado anazungusha kalamu mezani. Niliporudi alikuwa ameshapata jibu upande wake. "Mifano yetu yote tuliikusanya masika," akasema. "Masika njia ya Mashewa inakatika, na watu wako shambani. Hata mama yangu pale Mombo anajua: abiria wa hospitali wanaanza mahindi yakishaingia ghalani. Mashine haijawahi kuona kiangazi."

Mwaka uliofuata tulikusanya mifano upya, masika na vuli, kiangazi na Ramadhani, wakati wa mitihani na wakati wa kukata mkonge. Na Neema akaifundisha kutazama jambo moja zaidi, lile nililoliona nimesimama ukutani. Makabrasha hayavui shati. Kazi inayotoka kwa watu huja kwa mapumziko, moja, kimya kidogo, nyingine. Kimya hicho ni mtu anafunga vifungo. Mashine ikajifunza kukisoma. Hospitali ikaacha kukusanya picha, nasi tukaacha kutoa ushauri bila kurudi kuutazama.

Kama kuna jambo ninalowaomba ninyi mnaobaki, ni hilo la kurudi kutazama. Mashine itajifunza chochote mtakachoionyesha, na itakiamini kuliko mnavyokiamini ninyi. Muwe wapole mnapochagua mifano. Na anayewadanganya kwamba kazi yake ni ndogo, msimchukie. Ulizeni nani yuko nyuma yake.

Wajukuu wa Bi Mwanaidi walipimwa wote, wakaonekana salama, na yeye alimeza dawa zake mpaka mwisho. Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja kituoni. Alikuwa amenenepa. Alisema amemaliza mambo yake hospitali, basi bado halijajaa, na amekuja kuiona hiyo mashine kwa macho yake, maana Mashewa amesimulia habari zake hadi ameanza kutiliwa shaka.

Neema akamfungulia mlango wa chumba cha mashine. Bi Mwanaidi akajifunika khanga mabegani.

"Mnaiweka kwenye baridi hivi? Nayo haipati kifua?"

"Ikipata joto ndiyo inaumwa, bibi."

"Hata sura haina." Akalizunguka kabati lenye taa ndogondogo, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Neema akamwonyesha skrini pembeni, foleni ikitembea, kila kazi na rangi yake.

"Sasa hivi aliye mbele ni nani?"

Neema akaitazama. "Picha ya kifua, bibi. Imetoka hospitali sasa hivi. Jina siruhusiwi kukuambia."

"Jina la nini? Yuko kwenye benchi." Bi Mwanaidi akashusha sauti, akanishika mkono na kunivuta kuelekea mlangoni. "Tutokeni basi, tusiiongeleshe."

Tukatoka, na Neema akaurudisha mlango polepole.